Somo, mkono wangu haufiki kwenye kamba

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani kwangu hapa Chake Chake, mkono wa kushoto nimeulaza juu ya mto kama ninavyoulaza kila alasiri. Zimekuja nyingi, na karibu zote zimetoka kwa watu wazima wenzangu waliokwisha kutibiwa saratani ya ziwa, au kwa waume na wajukuu wao. Daktari kawaambia nendeni nyumbani, mrudi baada ya miezi sita. Nyumbani ndiko maswali yanakoanzia. Kwa asiyenijua: mimi ndiye Somo mnayemwandikia, nimekuwa muuguzi miaka 31, nimestaafu, na mwaka 2013 mimi mwenyewe nilikatwa ziwa la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Kwa hivyo nitakayoyasema mengine nimeyasoma, mengine yamenipata.

*Somo, assalaam alaykum. Mimi ni mtu mzima wa miaka 68. Nilikatwa ziwa la kulia, nikatolewa tezi za kwapa, kisha nikapigwa mionzi Dar es Salaam. Sasa natimiza mwaka wa pili, alhamdulillahi. Shida yangu ni watoto. Nikishika ufagio wananipokonya. Nikikaa kwenye mbuzi nikune nazi, "mama, wewe umeumwa, kaa." Basi nakaa. Sasa mkono haufiki hata kwenye kamba ya kuanikia nguo, bega limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua, na kuchoka nachoka kuliko zamani nilipokuwa nafanya kazi kutwa. Je, nikiutumia mkono nitaudhuru? — Bibi wa wajukuu kumi na mmoja, Mtambile*

Wa alaykum salaam, shoga yangu. Wanao wanakupenda, na mapenzi hayo yamechangia kulikaza hilo bega. Kovu la upasuaji huvuta nyama za kifua na kwapa. Mionzi nayo hukausha na kufupisha, na kazi hiyo haishi siku ya mwisho ya tiba. Huendelea kimyakimya miezi na hata miaka. Bega lisipopelekwa kila siku hadi mwisho wa njia yake, njia yenyewe inafupika. Leo umeshindwa kamba ya nguo, kesho utashindwa kufunga sidiria, halafu utakuwa huvai baibui mpaka aje mtu.

Mimi nilipotoka hospitali (sitaitaja, na aliyeniambia aliniambia kwa nia njema) niliagizwa mkono huu usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai maisha yangu yote. Na mimi, muuguzi mzima, nikakubali! Miezi minne nikautunza mkono wangu kama kikombe cha kuazima. Siku moja mjukuu wangu wa miaka mitatu alininyooshea mikono nimbebe, nikajikuta narudi nyuma. Mtoto akalia. Nami nikaingia ndani nikalia pia, ila si kwa ajili yake.

Ushauri ule ndio uliokuwa ukifundishwa zamani kwa kuogopa mkono usifure. Tezi za kwapani ndizo zinazopitisha na kuchuja majimaji yanayorudi kutoka mkononi. Zikitolewa, au zikiunguzwa na mionzi, majimaji yanaweza kukwama na mkono ukafura, pengine mwaka wa kwanza, pengine baada ya miaka mingi. Khofu hiyo ina msingi. Lakini mwaka 2009 ulitoka Marekani utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshafura baada ya saratani ya ziwa. Nusu walifundishwa kunyanyua uzito mara mbili kwa wiki, wakianza na mdogo kabisa na kuongeza taratibu, wamevaa mkono wa nguo maalumu unaobana ule uliofura. Nusu ya pili waliachwa na maisha yao ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, wale wa mazoezi hawakufura zaidi ya wenzao. Tena waliozidiwa na uvimbe kwao walikuwa asilimia 14, na kwa wasiofanya mazoezi walikuwa asilimia 29.

Soma tena hapo niliposema "taratibu". Mkono uliokaa miaka miwili, ukiuamsha asubuhi moja kwa dumu la lita 20, utakasirika. Kwanza nenda ukaonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali iliyo karibu nawe, akutazame bega na kovu. Akisema sawa, anza na ukuta.

Simama uso kwa ukuta, karibu kiasi cha unyayo mmoja. Weka vyanda viwili vya mkono wa kulia ukutani usawa wa kiuno, kisha vitambae kwenda juu, kimoja kimoja, kama kaa anayepanda mzizi wa mkoko. Usikimbie. Sikia ukuta ulivyo baridi, sikia chokaa inavyokukwaruza. Utafika mahali pa kwapa pataanza kuvuta. Hapo simama, usirudi. Toa pumzi polepole kwa mdomo kama unayepoza uji, na utoe tena, mara tatu hivi. Mara nyingi kwenye pumzi ya pili au ya tatu utaona nyama imelegea na vyanda vimepata nafasi ya kupanda kidogo tu, upana wa ukucha. Piga alama ya mkaa hapo. Ushuke pia kwa kutambaa, usiuachie mkono ukaanguka. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Kuvutika ni ruhusa. Kuchoma kama sindano si ruhusa, na maumivu yasiyotulia hadi siku ya pili yana maana umezidisha.

Ukuta wa chumba changu bado una zile alama. Ya kwanza iko usawa wa bega, ya mwisho iko juu ya fremu ya dirisha, na baina yake zimo kama arubaini, zimebanana mahali na kuachana mahali, maana kuna wiki nzima nilizokaa palepale. Ilinichukua tangu Mfunguo Sita hadi Shaabani. Mkwe wangu alipopaka nyumba rangi alitaka kuzifuta. Nilimwambia apake chumba chote aache ule mstari, na mpaka leo wageni wanauliza nani kachafua ukuta.

Kipimo changu cha pili kilikuwa takbira. Mwanzo mkono wa kulia ulifika begani, wa kushoto ukaishia kifuani, nikawa nasali kama ndege mwenye bawa bovu. Usiudharau mwendo wa sala kwa mtu aliyekatwa ziwa. Rukuu inanyoosha mgongo na kwapa, na kwenye sujudu viganja vinapokea uzito kidogo, mara nyingi kwa siku, bila ya kununua kifaa. Ukiwa magoti hayataki, sali kwenye kiti, dini imekuruhusu, lakini ile takbira uiinue yote unayoiweza.

Kwa wanao, usigombane nao, wape kazi. Mmoja akuhesabie pale ukutani. Dumu la maji wachukue wao, na gunia la mchele pia. Ufagio wakurudishie. Nazi ukune nusu, nusu wamalizie, na wiki ijayo ukune robo tatu. Wakiuliza nani kasema, waambie Somo wa Chake.

Na huo uchovu. Uchovu wa saratani una tabia moja ya ajabu: kulala hakuuondoi, na ukiulalia sana unazidi. Mwaka 2019 wataalamu wa mazoezi na saratani wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo, na wakakubaliana kuwa dakika 30 za kutembea au mfano wake mara tatu kwa wiki, tena ukiongezea mazoezi ya nguvu mara mbili, zinapunguza uchovu, wasiwasi na huzuni kwa waliougua. Si lazima nusu saa iwe kwa mkupuo mmoja. Wewe anza kwa dakika kumi, kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe wa jirani na kurudi, jua likishapoa. Mwendo wa kuweza kuzungumza, usioweza kuimba.

Mambo ya khatari nayasema haraka lakini usiyapite. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa imepanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo usingoje asubuhi, hiyo ni maambukizo na yanakimbia. Ukipara samaki vaa glavu, mwiba wa changu kwenye mkono huo si mwiba wa kawaida. Presha upimwe mkono wa pili. Na kifua kikibana, pumzi ikikatika, au mgongo ukiuma usiku hadi usingizi unakimbia, acha mazoezi yote ukamwone daktari kwanza.

*Shikamoo Somo. Bibi yangu ana miaka 74, alimaliza tiba ya saratani ya ziwa mwaka jana. Usiku halali, anawaza ugonjwa kurudi. Daktari kamshauri mazoezi ya kutuliza akili kwa kuangalia pumzi. Nikamtafutia video kwenye simu: mtu kakunja miguu, kafumba macho, kengele inalia. Bibi kaniambia, "Nizimie huyo, hiyo ni ibada ya watu." Nimfanyeje? — Mjukuu, Wete*

Marahaba mwanangu. Bibi yako hana kosa kuuliza, tena anauliza vizuri kuliko wengi wanaofuata kila kinachopita kwenye simu.

Nikwambie ukweli ulivyo. Asili ya mazoezi hayo ni watawa wa Kibudha, hilo tusilifiche. Lakini namna yanavyotumiwa hospitalini ilitengenezwa mwaka 1979 na mtu anayeitwa Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani. Wagonjwa wake walikuwa watu wa maumivu sugu ambao dawa zimewafikisha mahali zikasimama. Akaondoa mambo ya dini, akaacha kazi tupu: kaa, sikia pumzi, akili ikitoroka irudishe bila ya kujigombeza. Mafunzo yake ni ya wiki nane. Yamefanyiwa utafiti mwingi kwa watu wa saratani, na mwaka 2023 vyama viwili vya wataalamu wa saratani viliyataja katika mwongozo wao kwa ajili ya wasiwasi na huzuni. Hayaponyi saratani wala hayaizuii kurudi, na atakayekwambia hivyo mfungie mlango. Yanamsaidia mtu alale na aishi na khofu yake.

Kuhusu halali na haramu, mpelekeeni sheikh wenu, mimi si mtu wa fatwa. Nitakwambia tu nililolifanya mimi. Kwanza niliizima ile kengele. Pili nikakumbuka kuwa jambo lenyewe tunalo na jina lake tunalijua: khushuu. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa akituambia kuna mtu anasali rakaa nne, na ndani yake ameshafika Konde sokoni, amenunua muhogo, amegombana na mchuuzi na amerudi. Kazi ya kuuleta moyo pale mwili ulipo tumefundishwa tangu wadogo. Hospitali wanakuomba uifanye hata nje ya sala, hata ukiwa jikoni.

Bibi yako asikunje miguu, magoti ya miaka 74 hayakuumbiwa hilo. Asifumbe macho kama hapendi. Mpe karafuu.

Sisemi mzaha. Msimu ukiingia, mwekee sinia la karafuu mbichi azichambue, kidogo tu, pishi moja. Anaichukua tawi, kidole gumba kinasukuma, karafuu zinatengana na konyo kwa kimlio kidogo, tik. Karafuu huku, makonyo kule. Aisikie ile tik. Aone rangi, ipi bado ya kijani, ipi imeanza wekundu. Aisikie harufu ikipanda puani na mafuta yanavyokata kwenye ncha za vyanda. Baada ya karafuu kumi akili itaondoka, itakwenda kliniki, itakwenda kwa yule jirani aliyefariki. Akishagundua tu kuwa imekwenda, asikasirike, airudishe kwenye kidole gumba. Itaondoka tena. Airudishe tena. Hiyo ndiyo kazi nzima, hakuna siri nyengine. Wengi wanadhani wanatakiwa kichwa kiwe kitupu, halafu wanakata tamaa kwa kuwa hakiwi. Kichwa kitupu hata mtoto mchanga hana.

Karafuu zisipokuwepo, kusuka ukili kunafaa. Uradi baada ya alfajiri unafaa pia, tasbihi mkononi, neno moja kwa pumzi moja. Usiku akiamka saa nane na moyo unadunda, aweke kiganja juu ya tumbo, si kifuani, ahesabu nne kuvuta na sita kutoa. Kuitoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta kunaushusha moyo mbio zake, na mtu yeyote anaweza kujipima mwenyewe kwa kuweka kidole kwenye mshipa wa mkono.

Jambo moja nakuomba uliangalie. Kuna watu wakikaa kimya ndiyo mambo yanafumka: chumba cha upasuaji, nywele zinavyotoka kitanani. Bibi akiwa hivyo asilazimishwe kukaa, atembee, aangalie nyayo zake zinavyokanyaga. Na ikiwa analia wiki mbili mfululizo, hali, au anasema hana faida ya kuishi, mrudishe kwa daktari mumweleze wazi. Huo ni ugonjwa unaotibika. Asije mtu akamwambia imani yake ni haba.

*Somo, mimi ni mwanamme, utanisamehe. Mke wangu kila ikikaribia siku ya kwenda kliniki Unguja anabadilika wiki nzima kabla. Hali, ananinunia, usiku anajipapasa kifua. Nikimwambia "usiwaze, mshukuru Mungu umepona" anazidi. Nakosea wapi? — Baba wa Mkoani*

Hapo hapo uliponukuu ndipo unapokosea, baba, na nakushukuru kwa kuandika, maana wenzako wengi hawaandiki.

Mungu keshamshukuru. Unapomwambia asiwaze unamfungia mlango usoni, akabaki na khofu peke yake humo ndani. Mwambie, "Naona siku inakaribia. Na mimi nina wasiwasi." Basi. Halafu nyamaza ukae karibu.

Kujipapasa usiku kucha kunaleta vidonda vya moyo tu. Wakubaliane na daktari wake siku moja ya mwezi ya kujiangalia, nyengine zote mkono ukienda kifuani aushushe tumboni apumue. Wiki hiyo tembeeni pamoja jioni, hata kama hamzungumzi. Na kwenye boti, nyote mnajua bahari inavyochafuka mkondo wa Nungwi wakati wa kusi. Hapo msiongee habari za majibu. Mwambie akanyage sakafu ya boti kwa nyayo zote mbili, aisikie mashine inavyotetemesha miguu, na apumue nayo. Mimi hivyo ndivyo ninavyovuka kila mwaka. Na chukua ndimu.

*Bibi Somo, daktari kanibadilishia vidonge, sasa nameza anastrozoli. Asubuhi vyanda havikunjiki na magoti yanalia. Nimeambiwa nivimeze miaka mitano. Naweza kuviacha? — Umri 66, Michenzani, Unguja*

Usiviache peke yako. Vidonge hivyo vinaishusha homoni iliyokuwa ikiilisha saratani yako, na kuuma viungo ni athari yake inayojulikana, wala hujaanza wewe. Mwambie daktari waziwazi, kuna njia za kukusaidia na pengine kukubadilishia. Wewe kwa upande wako: kabla ya kushuka kitandani, fumba na kufumbua viganja mara ishirini chini ya shuka, zungusha vifundo vya miguu, halafu ndiyo uinuke. Nilizowea kuzamisha mikono kwenye beseni la maji vuguvugu kabla ya kuwasha jiko, na nikaona tofauti. Lakini ikiwa mkono wako umefura, maji yasiwe ya moto. Kutembea kunapunguza maumivu hayo hata kama siku za mwanzo unahisi kunayaongeza.

Vidonge hivyo hivyo vinapunguza uzito wa mifupa, na kwa umri wetu kuanguka ndiko kunakonitisha zaidi ya kuuma. Kwa hiyo kila unapongoja maji yachemke, shika fremu ya mlango wa jikoni, nyanyua mguu mmoja, hesabu kumi, badilisha. Kisha kaa kwenye kiti na uinuke bila ya kujisukuma kwa mikono, mara tano. Ngazi za majumba ya Michenzani zichukulie kuwa ni mazoezi uliyolipiwa, lakini shika ukingo. Muulize daktari kipimo cha mifupa. Ramadhani tembea baada ya tarawehe, si alasiri.

*Somo, nalima mwani Jambiani tangu nina watoto wadogo. Mkono umefura kidogo baada ya tiba. Naweza kurudi baharini? — Mwanamwani, miaka 61*

Kufunga mbegu za mwani umekaa kivulini, ndiyo, na ni zoezi zuri la viganja. Kuingia maji ya kupwa, ndiyo, ukishaambiwa na mtaalamu kuwa uvimbe umetulia, na uvae shati la mikono mirefu na glavu, maana kamba inakata, konokono anakata, na jua la saa sita linaunguza ngozi ambayo haina tena kinga yake. Kubeba gunia la mwani mbichi kichwani au begani, hapana. Si mwaka huu. Tafuta kijana wa kushirikiana naye, mgawane bei. Nikikwambia hilo najua ninakugusa mfukoni, lakini mkono ukipasuka utakosa misimu mingi zaidi.

Kila Ijumaa nikishakoga mimi huupima mkono kwa uzi: vyanda vinne juu ya kiwiko, vyanda vinne juu ya kifundo cha mkono, na ule uzi una fundo pale ulipoishia wiki iliyopita. Fundo lisipofika, siku hiyo ninapumzika na mto unafanya kazi. Fanya na wewe. Uzi haudanganyi kama macho.

*Tuko watu wazima saba hapa Vitongoji, wote tumepitia maradhi haya. Tunataka tuanze kufanya mazoezi pamoja lakini tunaona haya kuruka-ruka kama watoto wa skuli. Tuanzeje?*

Nani kasema kuruka! Nilipoisoma barua hii nilicheka peke yangu, kisha nikaanza kunyoosha mikono hapa barazani bila ya kujijua. Wenye umri wangu mnaikumbuka lelemama. Mama zetu walisimama safu, kanga mpya, udi umefukizwa, na wakacheza kwa mikono na shingo tu, miguu ikisogea haba, polepole hadi mtoto unachoka kuwatazama. Mkono unapanda hadi usawa wa macho, unageuka kiganja, unashuka kama jani. Mama yangu alikuwa na miaka sabini na alicheza usiku mzima, na asubuhi akaenda shamba. Sikujua wakati ule kuwa natazama zoezi la bega.

Basi saba nyinyi, kaeni viti kwa duara, viti vyenye mgongo, visiyumbe. Dakika tano za mwanzo hakuna anayesema: nyayo chini, viganja mapajani, kila mtu anaisikiliza pumzi yake, na sauti za kuku na pikipiki ziingie tu. Kisha mabega, yazungushwe mbele na nyuma. Kisha mkubwa wenu aimbe, nanyi mikono ipande kwa pumzi ya kuvuta na ishuke kwa pumzi ya kutoa. Anayefika kifuani afike kifuani. Wanaoweza wasimame, wenye kizunguzungu wabaki kwenye viti, na asiwepo wa kuwatazama kwa kuwahurumia. Baada ya mwezi kila mmoja achukue chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, mwanzo iwe nusu yake. Pembeni awepo kijana mmoja mwenye simu yenye salio, kwa dharura.

Ziwa la bandia mnaloshona wenyewe kwa pamba, litieni uzito kidogo wa mchele ndani ya kifuko, likaribiane na la upande wa pili. Bila ya hivyo bega moja linapanda, shingo inauma na hamtajua kwa nini. Mchele mbadilishe, wadudu hawana adabu.

Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya alasiri, nitapanda gari ya Vitongoji nije niwatazame. Niwekeeni kiti kimoja. Nyimbo chagueni nyinyi, ila isiwe ya haraka.